Baka, Kuvu na Saratani: Uhakiki wa Istilahi za Limfoma ya Ngozi

1. Utangulizi

Istilahi ya tiba si pambo la kamusi. Mwenye kuisoma aghalabu ana jambo la kufanya papo hapo: kumeza dawa au kuiacha, kurudi kliniki au kukaa nyumbani, kulala kitanda kimoja na mwenzake au kumhamishia chumba cha pili. Kwa hiyo istilahi ya tiba ikikosewa, kosa lake haliishii katika ukurasa. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo kwayo Kiswahili kimejaribu kuueleza ugonjwa mmoja wa ngozi, kuonyesha kasoro zake, na kutoa mapendekezo ambayo wasomaji wa kurasa hizi wataweza kuyapima na kuyarekebisha.

Ugonjwa wenyewe ni limfoma ya ngozi, hasa ile aina yake iliyo ya kawaida kuliko zote, ambayo matabibu huiita kwa Kilatini mycosis fungoides. Kwa ufupi, ni saratani ya seli nyeupe za damu, za jinsi inayoitwa seli T, ambazo badala ya kuilinda ngozi huzaliana humo bila kiasi. Dalili yake ya kwanza aghalabu si donda wala uvimbe, bali ni ngozi kubadilika rangi: mabaka yasiyo na sababu ya wazi, yanayokaa miezi na miaka, hasa mahali palipofunikwa na nguo, kama vile makalioni, kiunoni, mapajani na matitini. Ni ugonjwa wa nadra. Hata hivyo, unafanana na magonjwa yasiyo nadra hata kidogo miongoni mwetu, na hapo ndipo lugha inapoingia.

2. Kisa cha Kimara

Mwandishi wa makala haya anaanza na kosa lake mwenyewe, ili asije akaonekana kuyahakiki ya wenzake tu.

Shemeji yangu ni seremala, mkazi wa Kimara, kandokando ya barabara ya Morogoro. Kwa muda wa miaka sita alikuwa na mabaka yaliyofifia kiunoni na mapajani, yakienea polepole. Hayakumuuma, yalimwasha mara mojamoja tu. Katika miaka hiyo mabaka hayo yalipata majina mengi kuliko dawa. Mama yake aliyaita mba. Muuza duka la dawa aliyaita fangasi, akampa dawa ya kupaka. Mzee mmoja jirani, mtu wa mwambao, aliyaita mbalanga. Karakanani, wenzake hawakuyaita kitu, ila waliacha kunywea maji kikombe chake. Na sote twalijua neno walilokuwa wakilificha.

Hatimaye alikwenda hospitali, akakatwa kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa kwa darubini, naye akarudi na karatasi. Jumapili moja aliniletea karatasi hiyo barazani. “Shemeji,” akaniambia, “daktari alinieleza, lakini watu walikuwa wengi na maneno yenyewe ya kizungu. Wewe ndiye mtu wa lugha. Hebu nisomee.”

Nikaisoma. Ile istilahi sikuijua, lakini kiburi cha mtu wa lugha hakikuniruhusu kusema sijui. Nikayachambua maneno kwa mizizi yake: la kwanza, kuvu, la pili, mfano wa uyoga. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: “ugonjwa wa kuvu wa ngozi”. Shemeji akashusha pumzi. “Kumbe ni fangasi tu,” akasema. Akairudia ile dawa ya dukani, akaipaka miezi minne, na siku ya kliniki ikapita. Alipokwenda mwishowe, kwa kusukumwa na dada yangu, muuguzi aliyaona yale maandishi ya pembeni akamwuliza, “Nani amekuandikia haya, baba?”

Kwa bahati njema ugonjwa ulikuwa bado katika hatua ya mabaka, hatua ambayo wagonjwa wengi huishi nayo miaka mingi wakitibiwa, na sasa anahudhuria kliniki bila kukosa. Lakini swali la muuguzi halijanitoka. Jibu la kweli ni kwamba niliyaandika mimi, nikifuata njia ambayo wengi wetu tunaifuata katika kazi ya kuunda istilahi: kutafsiri umbo la neno la kigeni badala ya kutafsiri dhana inayosimamiwa na neno hilo. Njia hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa.

3. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili si maskini wa maneno ya ngozi. Tuna upele na ukurutu, punye na choa, mba na mbalanga, buba na ukoma, ambao baadhi ya watu huuita jedhamu. Ni hazina ya watu waliokuwa wakiitazama miili yao kwa makini kabla ya darubini kufika pwani. Lakini yafaa tukiri kwamba mengi ya maneno haya yanataja sura ya ugonjwa, hayataji asili yake. Choa ni sura. Mba ni sura. Mbalanga ni sura. Magonjwa mawili yenye sura moja hupata jina moja, na ugonjwa mmoja wenye sura mbili hupata majina mawili. Hilo si kosa la wahenga; waliita walichokiona. Kosa ni letu sisi tunapolichukua jina la sura tukalitumia kana kwamba ni jina la asili.

Tuchukue neno mbalanga. Katika matumizi ya leo ndilo neno linalofaa zaidi kwa hali ile ambayo ngozi hupoteza rangi yake yote, ikawa na mabaka meupe yenye mipaka ya wazi. Hali hiyo haiambukizi wala haiui. Lakini katika vinywa vya wengi neno hilo limekaa jirani na ukoma, na mwenye kuitwa jina hilo hutazamwa kwa jicho la kando. Kwa hiyo mtu mwenye limfoma ya ngozi akiambiwa ana mbalanga, anapata hasara mbili: anapewa ugonjwa usio wake, na anapewa aibu ambayo hata wenye mbalanga yenyewe hawakustahili.

Neno ukoma lina funzo la namna nyingine. Tangu Mpango wa Taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, wananchi wamefundishwa alama moja iliyo rahisi kukumbukwa: baka la ukoma halina hisia. Jina halikubadilishwa, lilichofanyiwa ni kuongezewa kipambanuzi, na kipambanuzi hicho kimewafikisha watu wengi katika tiba mapema. Hiyo ni kazi nzuri ya lugha. Lakini mafunzo hayo yanaishia njiani. Mtu akiguswa baka lake akahisi, anaambiwa, “Basi, huu si ukoma,” na mazungumzo yanakwisha hapo. Hakuna neno la pili linalomngoja.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na mgeni wa karibuni, fangasi. Neno hili limeingia kwa mlango wa duka la dawa, na limekuwa kapu la kila kitu kinachowasha, kinachobanduka au kubadilisha rangi ya ngozi. Nguvu yake ni kwamba halitishi. Hakuna aliyefukuzwa chumba kwa ajili ya fangasi. Lakini neno lisilotisha huweza kuua kwa upole wake, kwa kuwa humfanya mgonjwa aridhike kungoja.

Tumekwisha kuona jambo la namna hii kabla. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege ya mtoto na malaria, wakampeleka kwa mganga kwanza, kwa sababu jina hilo lilikuwa na maelezo yake na tiba yake. Wazazi hao hawakuwa wajinga wala wazembe. Walilifuata jina, na jina likawapeleka katika mlango wake.

4. Jina la Kilatini na historia yake

Inafaa sasa tulitazame jina lenyewe lililonipoteza. Mwaka 1806 tabibu Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyekuwa akitibu katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, alimweleza mgonjwa aliyekuwa na vivimbe vikubwa vya ngozi vilivyochomoza kama uyoga. Mwanzoni aliufananisha ugonjwa huo na ule ambao sisi tunauita buba, akauita buba la mfano wa uyoga. Baadaye, mwaka 1832, ndipo alipoupa jina la Kilatini linalotumika hadi leo. Mwaka 1870 Mfaransa mwingine, Ernest Bazin, alizipambanua hatua zake tatu: kwanza mabaka bapa, kisha mabaka yaliyonenepa, mwisho uvimbe. Mwaka 1938 Albert Sézary alieleza hali iliyo karibu nayo, ambayo ngozi yote huwaka na seli hizo mbaya huonekana katika damu. Na mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walipendekeza jina moja la jumla la magonjwa ya ukoo huo, lenye maana ya limfoma ya seli T ya ngozi.

Historia hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Ulaya nayo iliuita ugonjwa huu kwa sura yake, sawasawa na mama yake shemeji yangu alivyofanya. Alibert aliona uyoga akasema uyoga; mama aliona mba akasema mba. Tofauti ni kwamba jina la Alibert lilivikwa joho la Kilatini, likaheshimiwa hata baada ya kujulikana kwamba ugonjwa hauna uhusiano wowote na kuvu.

La pili ni muhimu zaidi kwa mtunga istilahi. Jina hilo lenye kosa halimdhuru sana mgonjwa wa Paris, kwa kuwa analipokea kama sauti tu. Hasikii uyoga ndani yake. Kosa limelala katika Kilatini. Tukilitafsiri kwa Kiswahili, tunaliamsha, nalo linaanza kufanya kazi. Hali kadhalika neno saratani. Asili yake katika Kiarabu ni kaa, na Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa. Je, mtafsiri aliye timamu angeandika “ugonjwa wa kaa”? La hasha. Tulilipokea saratani likiwa sauti, tukalipa maana ya dhana, na leo hakuna mkazi wa Dar es Salaam anayemfikiria kaa wa Kigamboni anapolisikia. Asili ya neno si maana yake. Kanuni hiyo twaifahamu sote darasani. Tunaisahau tukishika kalamu.

5. Uhakiki wa tafsiri zilizopo

Ukisikiliza mazungumzo ya wagonjwa, jamaa zao na wale wanaowafasiria, utakuta tafsiri nne zinazopewa ugonjwa huu. Tuzipime moja moja.

(a) Ugonjwa wa kuvu. Tafsiri hii nimekwisha kuihukumu kwa kisa changu. Inakosea dhana, inampeleka mgonjwa katika dawa isiyofaa, na inampotezea muda. Yafaa ifutwe kabisa.

(b) Saratani ya ngozi. Mwanzoni tafsiri hii yaonekana sahihi: ni saratani, na iko katika ngozi. Lakini kwetu maneno haya matatu yamekwisha kupata mwenyewe. Kwa miaka mingi, na kwa sababu njema, yametumika katika mafunzo ya kuwalinda watu wenye ualbino dhidi ya jua. Kwa hiyo msikilizaji wa Kimara akisikia saratani ya ngozi, anafikiria mambo matatu: ngozi isiyo na rangi, donda la usoni au masikioni, na jua. Limfoma ya ngozi inapingana na yote matatu. Huwapata watu weusi. Huanza kwa baka, si kwa donda. Na hupenda mahali ambapo jua halifiki. Zaidi ya hayo, mojawapo ya tiba zake katika hatua ya mwanzo ni mwanga maalumu wa urujuanimno unaotolewa kwa kipimo hospitalini. Mgonjwa aliyeambiwa ana saratani ya ngozi, kisha akaambiwa asimame mbele ya taa ya mwanga huo, ana haki ya kudhani anauawa. Istilahi imemfanya amshuku tabibu anayemponya.

(c) Saratani ya tezi. Tafsiri hii hutokana na desturi ya kuziita tezi zile vifundo vya limfu vilivyoko shingoni, kwapani na kinenani, ambavyo vikivimba kinenani huitwa mtoki. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, katika aina hii ya limfoma vifundo hivyo mara nyingi havina lolote mwanzoni; ugonjwa uko ngozini. Pili, neno tezi limebeba mizigo mingi mno. Lipo katika shingo, lipo katika ziwa, na siku hizi, kwa sababu ya kampeni za uchunguzi wa wanaume, mtu akisikia saratani ya tezi huimalizia mwenyewe: tezi dume. Mwanamke aliyepewa karatasi yenye maneno hayo atacheka au atalia, na katika hali zote mbili hatakuwa ameelewa.

(d) Saratani ya damu. Hii inasogelea ukweli, maana seli zenyewe ni za ukoo wa damu. Lakini jina hilo limekwisha kukabidhiwa ugonjwa mwingine, ule wa uboho na damu yenyewe. Istilahi moja kwa dhana mbili ni mgawanyo mbaya, na katika tiba ni hatari.

Inabaki limfoma. Wako watakaoipinga kwa kuwa ni ya mkopo na haijitafsiri. Pingamizi hilo lina uzito, nami silidharau. Kanuni inayojulikana na wasomaji wa kurasa hizi hututaka tuanze nyumbani: Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, ndipo tutoke nje. Lakini kanuni hiyo inataka tutafute, haitaki tulazimishe. Tumetafuta nyumbani, na kila neno tulilolipata limekwisha kuwa na mpangaji. Tena limfoma si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Ilikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt alizitazama taya zilizovimba za watoto, akachapisha maelezo yake mwaka 1958. Na uchunguzi wa vivimbe hivyo ndio uliowawezesha wanasayansi wa London kugundua mwaka 1964 kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu. Jina la limfoma ya Burkitt limekaa katika vinywa vya wauguzi wetu kwa zaidi ya nusu karne. Kulikataa neno hilo katika ngozi, hali tumelikubali katika taya, ni kutenda bila utaratibu.

6. Wekundu wa nani?

Kasoro nyingine haimo katika jina la ugonjwa, bali katika maelezo ya dalili zake. Vitabu vingi vya tiba ya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na katika ngozi hiyo mabaka ya limfoma ni mekundu. Mtafsiri wetu hufika hapo akaandika, kwa uaminifu wote, “mabaka mekundu”. Maneno ni sahihi, na habari si ya kweli kwa msomaji wake. Katika ngozi nyeusi, kile kinachoitwa wekundu mara nyingi huonekana kama weusi uliokolea, hudhurungi au rangi ya zambarau. Tena iko sura ya ugonjwa huu ambayo huonekana zaidi kwa watu weusi, na aghalabu huanza katika umri mdogo kuliko kawaida: mabaka yaliyofifia, yenye rangi hafifu kuliko ngozi inayoyazunguka. Mtu wa Kimara anayetafuta mabaka mekundu mwilini mwake hatayaona, akatulia. Mtafsiri hakudanganya, alitafsiri ngozi ya mtu mwingine.

Hata tukiandika “mabaka meupe” hatujamaliza kazi. Neno -eupe katika Kiswahili lina eneo pana. Chaki ni nyeupe. Na mtu wa maji ya kunde naye, akilinganishwa na nduguye, huitwa mweupe. Kwa hiyo baka jeupe laweza kuwa baka lililopoteza rangi yote, kama katika mbalanga, au baka lililobakiwa na rangi kidogo, kama katika choa, ukoma au limfoma. Kwa tabibu tofauti hiyo ni ya kwanza kuangaliwa. Kwa lugha yetu ya vipeperushi haipo.

Wala hatuhitaji kukopa ili kuipata. Vitenzi tunavyo. Rangi hufifia, hupauka, hukwajuka, hupotea, hukolea. Kupauka kumekwisha kujulikana kuwa ni kwa ngozi kavu isiyopakwa mafuta, tukuache huko. Kukwajuka kuna harufu ya nguo na ya uzuri uliopita. Lakini kufifia, kupotea na kukolea ni vitenzi safi, vinavyoeleweka kuanzia Kimara hadi Kigoma, na vinaweza kuzaa nomino bila kulalamika.

Hapa pia tunao wataalamu wa kuwauliza. Tangu mwaka 1992 Moshi, katika hospitali ya KCMC, kumekuwa na kituo cha kanda cha kufundisha tiba ya ngozi, ambacho kimewafunza watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu hao wanazitazama ngozi nyeusi kila siku na wanazungumza na wenye ngozi hizo. Orodha yoyote ya istilahi za ngozi isiyopitia mikononi mwa watu wa namna hiyo itakuwa imeandikwa gizani.

7. Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, mwandishi anapendekeza istilahi zifuatazo:

Limfoma: saratani ya seli nyeupe za damu za jinsi ya limfu, popote inapoanzia.

Limfoma ya ngozi: limfoma inayoanzia katika ngozi.

Limfoma ya mabaka: ile aina ambayo jina lake la Kilatini ni mycosis fungoides. Jina hili linataja dalili ambayo mgonjwa anaweza kuiona mwenyewe mapema, wala halitaji kuvu wala uyoga.

Baka: sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi bila kunenepa; hatua ya kwanza.

Bamba: sehemu ya ngozi iliyobadilika rangi na kunenepa, hata kidole kikipita juu yake kinahisi kingo, hatua ya pili.

Uvimbe: kama lilivyo katika matumizi ya sasa, hatua ya tatu.

Mfifio wa rangi: rangi ya ngozi kupungua bila kwisha.

Upotevu wa rangi: rangi ya ngozi kwisha kabisa.

Ukolevu wa rangi: rangi ya ngozi kuzidi kuliko ya pande zote.

Lakini istilahi peke yake haitoshi. Orodha za neno kwa neno, upande huu la kigeni na upande huu la Kiswahili, zilitusaidia sana katika miaka ambayo kila wizara ilihitaji maneno mara moja. Katika tiba utaratibu huo umepitwa na wakati. Kila istilahi ya ugonjwa yafaa ifuatane na maelezo mafupi yanayojibu maswali manne ya mgonjwa: Ni nini? Unaonekanaje mwilini mwangu? Unaambukiza? Nifanye nini? Kwa mfano:

“Limfoma ya mabaka: saratani ya seli nyeupe za damu ambazo huzaliana katika ngozi. Mara nyingi huanza kama mabaka yaliyofifia au kukolea, yenye kuwasha au yasiyowasha, hasa mahali panapofunikwa na nguo, na huenda polepole kwa miaka. Haitokani na kuvu, si ukoma, wala haiambukizi. Hutambuliwa kwa kupima vipande vya ngozi kwa darubini, na pengine kipimo hicho hurudiwa zaidi ya mara moja. Ikigunduliwa katika hatua ya mabaka, wengi huishi nayo miaka mingi wakiwa chini ya tiba. Baka lisilopona kwa dawa ya kuvu lionyeshwe hospitali.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Haimtaki muuza duka la dawa aijue limfoma. Yeye hawezi kuijua kwa macho, na hata daktari hawezi bila kipande cha ngozi. Inamtaka ajue lini aache kusema fangasi. Wala haimtishi kila mwenye baka, kwa sababu mabaka mengi ni mba na choa kweli, na yatapona.

Yawezekana mtu akauliza: kwa nini tupoteze wino kwa ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya maelfu mengi? Jibu ni kwamba lugha haitungwi kwa kuhesabu vichwa. Ugonjwa ulioenea hujifundisha wenyewe. Kila mtaa una aliyeugua na aliyepona. Mwenye ugonjwa wa nadra hana wa kumwuliza. Mtaa wake mzima hauna neno. Yeye ndiye anayeihitaji zaidi kamusi.

8. Hitimisho

Mfano wa kazi iliyofanikiwa tunao. Ugonjwa uliotambuliwa Kagera mwaka 1983 uliitwa kwanza Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikivuma sokoni. Jina hilo liliwasingizia wafanyabiashara wa mpakani na halikusema lolote juu ya ugonjwa. Baadaye likaja jina UKIMWI, upungufu wa kinga mwilini, na kwa mara ya kwanza mwananchi aliweza kukiona katika jina lenyewe kile kinachopungua, na mahali kinapopungua. Jina halikumponya mtu. Lakini mafunzo yote yaliyofuata yalipata mahali pa kusimama.

Limfoma ya ngozi haitakuwa na kampeni ya namna hiyo, wala haihitaji. Inahitaji mambo madogo: istilahi isiyogombana na majina mengine, maelezo yanayolingana na ngozi ya msomaji, na kamati ya istilahi ambayo, kabla ya kupiga muhuri, itamkabidhi muuguzi wa zahanati orodha yake na kumwuliza mgonjwa ataelewa nini. Mapendekezo ya makala haya nayo yapimwe hivyo hivyo. Ikiwa bamba halieleweki Temeke, au mfifio unachekwa Tanga, yabadilishwe.

Ile karatasi ya shemeji yangu bado ipo, imekunjwa ndani ya kadi yake ya kliniki. Maneno yangu ya pembeni ameyakata kwa mstari mmoja, kwa kalamu ya seremala. Chini yake ameniachia nafasi. “Shemeji,” aliniambia, “utakapolipata neno lenyewe, liandike hapa.” Nimemwandikia limfoma ya mabaka. Naomba wenye mamlaka ya lugha waniambie kama nimekosea tena, kabla hajaenda nalo kliniki.